MATABAKA MAWILI MAGUMU: FUNZO LA UDONGO WA KARATU NA NGORONGORO

Mazungumzo ya elimu ya ardhi kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Ikitajwa Karatu, wengi hukumbuka mji uliopo katika njia ya kutoka Arusha kwenda Ngorongoro, wanapopumzika wageni waendao kutazama wanyama. Ni wachache wanaokumbuka kwamba pande zote mbili za njia hiyo ipo ardhi ambayo kwa miaka mingi imewafundisha wakulima na wataalamu jambo moja kubwa: udongo mzuri si mali isiyokwisha, na sifa ya udongo huweza kubaki midomoni mwa watu hali udongo wenyewe umekwisha badilika. Funzo hilo limepatikana bara, mbali na bahari. Hata hivyo linavihusu sana visiwa vya Unguja na Pemba, ambako ardhi ni chache, watu wanaongezeka, na shamba likishaharibika hapana pengine pa kuhamia.

Mahali penyewe

Karatu ni wilaya ya Mkoa wa Arusha, na zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Kaskazini yake imesimama milima ya volkano: Oldeani, Lemagarut, Olmoti na Loolmalasin. Katikati ya milima hiyo ipo Ngorongoro, volkano kubwa iliyobomoka na kuacha shimo lenye kina cha mita 600 hivi na eneo la kilomita za mraba 260 hivi. Upande wa kusini-magharibi ardhi huteremka hadi Ziwa Eyasi, na upande wa mashariki huteremka kwenye Bonde la Ufa hadi Ziwa Manyara. Nyanda za juu hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka katika baadhi ya sehemu, ambapo bonde la Eyasi huweza kupata chini ya milimita 400.

Wakaazi walio wengi wa Karatu ni Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji. Katika Hifadhi ya Ngorongoro wapo Wamaasai na mifugo yao, na kandokando ya Eyasi wapo Wadatoga na Wahadzabe. Kwa hivyo ndani ya eneo dogo zinakutana aina nyingi za udongo, na aina nyingi za kuutumia.

Kuupa udongo jina

Elimu ya udongo huanza kwa kuupambanua na kuupa jina. Kazi hiyo haikuanzishwa na wataalamu wa maabara. Mkulima wa Unguja anajua tangu utotoni tofauti ya kichanga, kinongo, kinamo na uwanda, na anajua kipi cha muhogo na kipi cha mpunga. Wasukuma nao wana majina yao, kama luseni kwa udongo wa mchanga, na itogolo kwa udongo wenye tabaka gumu chini.

Katika miaka ya 1930 alikuwapo katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne. Akisafiri Tanganyika na nchi jirani, Milne aliona kwamba aina za udongo hazikutawanyika ovyo. Juu ya kilima huwa udongo mwekundu, mteremkoni hubadilika rangi na uzito, na bondeni huwa udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Kisha mpangilio huo hujirudia katika kilima kinachofuata. Mwaka 1935 aliupa mpangilio huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na mwaka 1936 ikatolewa ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki. Milne alifariki mwaka 1942, lakini fikra yake imeenea ulimwenguni kote. Kadhalika neno la Kiswahili "mbuga" liliingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo kuwa ni jina la ule udongo mweusi wa bondeni.

Atakaye kuona mnyororo wa namna hiyo karibu na nyumbani, na asimame juu ya kilima chochote cha Pemba. Juu ataiona mikarafuu, mteremkoni migomba na muhogo, na bondeni mpunga. Waliopanda hivyo hawakuisoma katena, waliusoma udongo.

Baada ya hapo mataifa yalitafuta lugha moja. Mwaka 1974 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na UNESCO, yalitoa ufunguo wa ramani ya udongo wa dunia, na mwaka 1998 wataalamu wa udongo wa mataifa mbalimbali walikubaliana mfumo mpya wa marejeo. Katika lugha hiyo, udongo mwepesi na mweusi unaotokana na majivu ya volkano huitwa andosoli, jina lililotokana na maneno ya Kijapani yenye maana ya udongo wa giza. Udongo mwekundu wenye kina kirefu huitwa nitisoli, na ule mweusi unaopasuka huitwa vetisoli. Atokaye katika milima ya Ngorongoro akiteremka kupitia Karatu hadi Eyasi hukutana na udongo wa namna hizi, na mwishoni hufika katika udongo wa chumvi na magadi.

Hapa ndipo penye haja ya tahadhari. Jina la udongo hueleza ulivyozaliwa na unachoweza kufanya. Halielezi ulivyotendewa tangu siku ulipopewa jina hilo. Shamba huweza kupoteza sehemu kubwa ya udongo wake wa juu, na ramani ikaendelea kuliita kwa jina lilelile la heshima. Kwa sababu hiyo uainishaji hautoshi bila ufuatiliaji, yaani kurudi mahali palepale, mwaka baada ya mwaka, kupima kilichobaki.

Tabaka la kwanza: kazi ya volkano

Magharibi ya milima ya Ngorongoro zimetandaa mbuga za nyasi fupi zinazoungana na Serengeti. Mgeni hushangaa kuona nchi pana namna ile isiyo na miti, na huweza kudhani kwamba imekatwa. Sababu imo ardhini. Kwa muda mrefu upepo umekuwa ukichukua majivu ya volkano, khasa ya Kerimasi na ya Ol Doinyo Lengai, na kuyamwaga katika mbuga hizo. Ol Doinyo Lengai ungali hai. Uliripuka mwaka 1966, na tena mwaka 2007 hadi 2008.

Majivu hayo yana chokaa na magadi mengi. Mvua ndogo ya mahali pale huyayeyusha na kuyateremsha kidogo tu; kisha jua huyafyonza maji na kuiacha chokaa ikashikamana kama saruji. Ndivyo lilivyofanyika tabaka gumu karibu na uso wa ardhi. Mizizi ya mti hailipenyi, lakini mizizi mifupi ya nyasi hupata juu yake chakula chenye madini mengi. Kwa ajili ya malisho hayo nyumbu hufika kwa maelfu na maelfu kuzaa, baina ya Januari na Machi. Wamaasai, wanaojua kwamba ndama wa nyumbu huambukiza ng'ombe ugonjwa wa kuua, huyaondoa makundi yao katika mbuga hizo msimu huo na kuyapandisha nyanda za juu.

Kwa maneno mengine, tabaka hili ni la asili, halina dawa wala halihitaji dawa. Binadamu na mnyama wamelitambua na kuyapanga maisha yao kulingana nalo.

Tabaka la pili: kazi ya plau

Upande wa Karatu mambo yalikwenda kinyume. Ardhi yake ilikuwa laini, yenye kina, na yenye kupokea maji upesi. Wakati wa ukoloni walowezi walifungua mashamba ya kahawa na ngano Oldeani, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima Waafrika wa Karatu na Mbulumbulu nao wakaingia katika kilimo cha ngano kwa trekta. Eneo lililolimwa lilipanuka haraka, na nchi ikajulikana kwa nafaka, maharage na mbaazi.

Plau ya sahani hupita kila mwaka katika kina kilekile. Juu ya kina hicho udongo hugeuzwa na kuvunjwavunjwa. Chini yake uzito wa trekta na msuguano wa sahani huukandamiza. Mwaka wa kwanza hapana anayeona chochote. Baada ya miaka mingi hujengeka tabaka gumu mfano wa sakafu, sentimita chache tu chini ya miguu ya mkulima. Mzizi wa mhindi ukifika hapo hupinda na kutambaa kwa ubavu. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushindwa kuteremka. Hujaa katika udongo uliolegezwa juu, kisha huteremka mlima pamoja nao.

Matokeo yake ni makorongo yanayokata mashamba na njia, na mahindi yanayonyauka wiki chache baada ya mvua iliyojaza mito. Mkulima hulalamika kwamba mvua zimepungua. Huenda zimepungua kweli. Lakini mara nyingi mvua ilinyesha, na shamba halikuweza kuipokea.

Haya ndiyo matabaka mawili magumu. Moja limefanywa na volkano kwa muda usiohesabika, na viumbe wakajifunza kuishi juu yake. La pili limefanywa na binadamu katika umri wa mtu mmoja, mahali ambapo asili ilikuwa imempa udongo laini. La kwanza huonekana katika ramani; la pili halionekani mpaka mtu achimbe.

Vipimo vinasema nini

Tanzania si nchi changa katika kupima mmomonyoko. Katika miaka ya 1930 huko Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma, viliwekwa vipande vya ardhi vya kupimia maji na udongo unaochukuliwa, katika mteremko wa asilimia 6 na mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka. Penye kichaka kisichoguswa, chini ya asilimia 1 ya mvua ilitiririka, na udongo haukupotea. Penye shamba la nafaka, asilimia 26 ya mvua ilikimbia na tani 78 za udongo zikachukuliwa katika kila hekta kwa mwaka. Penye ardhi tupu, nusu ya mvua ilikimbia na tani 146 zikapotea.

Tani 78 kwa hekta ni unene wa milimita 6 hivi tu, na mtu hawezi kuutambua kwa macho. Lakini bandu bandu huisha gogo: miaka 30 ya hasara ya namna hiyo ni sentimita 18, yaani karibu udongo wote unaofikiwa na jembe la mkono. Mtoto aliyezaliwa shamba likiwa zima hulirithi likiwa limebaki jina.

Udongo unaoondoka hufika mahali. Kuanzia mwaka 1968 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Uppsala, Sweden, walipima tope linalojaza mabwawa katika sehemu mbalimbali za nchi. Katika miaka ya karibuni tope la chini ya Ziwa Manyara limechunguzwa kwa kupima chembe za risasi zinazoonyesha umri wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kasi ya kujaa tope katika ziwa hilo imekuwa ikipanda kwa muda wa miaka 120 hivi, na kwamba mto uliochangia zaidi ni Makuyuni, ulio mashariki ya ziwa. Jambo hili lina faida yake. Bila kipimo, kila kijiji kingemnyooshea kidole jirani yake. Kwa kipimo, hujulikana pa kuanzia kazi.

Waliotangulia walijua

Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Ziwa Manyara, yapo magofu ya Engaruka. Hapo watu wa zamani walilima kwa mifereji na makinga ya mawe kwa karne kadhaa, kabla ya mahali hapo kuhamwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba sehemu ya mashamba hayo ilijengwa kwa kuutega udongo uliokuwa ukichukuliwa na maji: waliweka mawe, maji yakapunguza mwendo, tope likatua, na tope likawa shamba. Kile ambacho leo ni msiba wa bondeni, wao walikifanya mtaji.

Wairaqw nao, katika nchi yao ya asili kwenye milima ya Mbulu, wanajulikana kwa kilimo cha uangalifu: samadi inayotolewa zizini na kurudishwa shambani, matuta yanayokingama mteremko, na mifereji ya kuongoza maji ya ziada. Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004, alieleza kwamba ustadi huo ulijengwa kidogo kidogo kwa kazi ya kila siku. Katika mashamba mapana ya trekta ya Karatu ustadi huo haukufuatwa kwa kiwango kilekile. Ardhi ilikuwa nyingi, mashine ilikuwa na haraka, na udongo ulionekana hauishi.

Dawa na gharama yake

Mwaka 2007 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na washirika wake walichapisha maelezo ya kilimo hifadhi katika Arumeru, Karatu na Mbeya. Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Kwanza tabaka gumu hupasuliwa kwa jembe la kupasulia linalofika chini yake, bila kugeuza ardhi yote. Pili, ardhi hufunikwa kwa mabua na kwa mimea itambaayo kama fiwi. Tatu, mahindi huchanganywa na mbaazi, ambayo mzizi wake mrefu huendelea kufungua njia ya maji.

Ugumu umo katika maisha ya watu. Mabua yanayotakiwa kufunika shamba ndiyo chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na kwa desturi ya sehemu nyingi shamba likishavunwa huwa malisho ya wote. Mkulima mmoja hawezi kulifunika shamba lake iwapo jirani hakubali kuizuia mifugo yake. Kwa hivyo hifadhi ya udongo ni suala la makubaliano ya kijiji kabla ya kuwa suala la jembe.

Wakati mwingine Serikali zimelazimika kutumia amri. Huko Kondoa, katika mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika mwaka 1979. Nyasi zilirudi na makorongo yakaanza kupona, lakini jamaa nyingi zilikosa maziwa, samadi na ng'ombe wa kulimia, na baadaye ikabidi uruhusiwe ufugaji mdogo wa zizini. Katika Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya wanyamapori na wafugaji pamoja, kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha kikazuiwa tena mwaka 2009. Kila amri kati ya hizo iligusa chakula cha watu. Kadiri udongo unavyoachwa bila kupimwa, ndivyo uamuzi unavyochelewa. Na uamuzi uliochelewa huwa mkali kwa wasio na kosa pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yanayotakiwa visiwani

Visiwa hivi havina plau nyingi wala milima ya volkano. Lakini zipo trekta zinazolima mabonde ya mpunga mwaka baada ya mwaka kwa kina kilekile. Ipo miteremko ya Pemba iliyovuliwa miti. Yapo mashimo yanayoachwa na wachimbaji wa mchanga, ambao pamoja na mchanga huondoa udongo wa juu usiorudi. Na upo uwanda ambao udongo wake ni kiganja tu juu ya jiwe. Kwa hivyo inafaa yazingatiwe mambo yafuatayo:

(a) Kila mkulima achimbe shimo la kina cha mkono mmoja katika shamba lake angalau mara moja kwa mwaka, siku chache baada ya mvua. Atazame maji yameishia wapi, na mizizi imeteremka au imepinda. Mizizi ikipinda mahali pamoja, hapo pana tabaka gumu.

(b) Bonde la mpunga lisichanganywe na shamba la juu. Tabaka linalozuia maji huweza kuufaa mpunga, lakini ni hasara kwa muhogo, mahindi na mikarafuu. Dawa ifuate udongo, isifuate mazoea.

(c) Katika miteremko, matuta yakingame mlima, na ardhi isiachwe wazi wakati wa Masika.

(d) Mabwana shamba na mabibi shamba, kwa kushirikiana na masheha, wachague sehemu chache za kudumu katika kila shehia, na wapime hapo hapo kila mwaka: kina cha udongo wa juu, rangi yake, na muda unaochukua kunywa maji. Kipimo cha mwaka mmoja ni habari tu. Vipimo vya miaka kumi ni ushahidi.

(e) Kumbukumbu hizo zitunzwe zisipotee kila afisa anapohamishwa, na majina ya udongo yanayotumiwa na wenyeji yaandikwe pamoja na yale ya kitaalamu.

(f) Skuli ziwafundishe watoto majina ya udongo wa mahali pao, kwani asiyelijua jina la kitu hawezi kutambua siku kinapoondoka.

Ndugu wananchi, udongo wa Karatu ulitokana na moto wa milima iliyolala zamani sana, na ukadhaniwa hauna mwisho. Waliouzoea hawakuwa wavivu wala wajinga. Walitumia zana bora za wakati wao, na matunda ya kazi yao yalilisha wengi. Kilichokosekana ni mtu wa kuchimba shimo dogo na kutazama chini kabla korongo halijafunguka lenyewe na kuonyesha. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji jembe, macho, daftari, na nia ya kurudi mahali palepale mwakani.